Mabaki ya Vyombo vya Angani: Jinsi Yanavyofuatiliwa na la Kufanya Yakianguka

Tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) lilisema pete hiyo ilikuwa na kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500. Tathmini yake ya awali ilionyesha kuwa ni kipande cha roketi. Wakazi wengi waliuliza: je, kitu kizito hivyo hakingeweza kuonekana mapema?

Ni nini kinachozunguka juu yetu?

Ni roketi zilizomaliza kazi, setilaiti zilizokufa na vipande vilivyovunjika. Zaidi ya vitu 30,000 hufuatiliwa. Vilivyo karibu na dunia hukimbia takriban kilomita 28,000 kwa saa.

Darubini hufanyaje kazi?

Vitu hivi havina taa. Huonekana vinapomulikwa na jua. Kwa hiyo vile vya chini huonekana vizuri baada ya magharibi na kabla ya mapambazuko, huku chini kukiwa giza na juu jua likiwa bado linawaka. Vile vilivyo umbali wa kilomita 36,000, ambako kuna setilaiti nyingi za televisheni, huonekana sehemu kubwa ya usiku.

Darubini inapofuata nyota, kamera yake huonyesha nyota kama nukta, na kitu kinachopita huchora mstari. Kompyuta hulinganisha mstari huo na nyota ili kujua kitu kilikuwa wapi na saa ngapi. Vipimo vya mara kadhaa huunganishwa kupata njia yake. Marekani ina darubini za kazi hii New Mexico, Hawaii na katika kisiwa cha Diego Garcia, Bahari Hindi.

Mbona ni vigumu kutoa tahadhari?

Darubini hizi huzuiwa na mawingu na mwanga wa mchana. Rada husaidia, hasa kwa vitu vya chini. Lakini tatizo kubwa ni hewa ya juu, ambayo hutanuka na kusinyaa kulingana na hali ya jua, hivyo kasi ya kitu kushuka hubadilika. Kukosea kwa dakika 10 tu husogeza mahali pa kuanguka kwa zaidi ya kilomita 4,000, umbali unaopita ule wa Nairobi hadi Cairo.

Ukikuta kitu kilichoanguka

• Usikiguse. Huenda kina moto, ncha kali au mabaki ya mafuta yenye sumu.
• Waweke watoto na mifugo mbali.
• Mjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu mara moja.
• Andika saa kilipoanguka na upige picha ukiwa mbali.
• Usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo ilipe hasara inayotokea ardhini. Lakini ni lazima kwanza ijulikane kipande ni cha nani. Kikikatwa au kuhamishwa, ushahidi huo unaweza kupotea, na madai ya aliyeharibiwa nyumba au shamba yakadhoofika.