Mhusika Anapojua Yumo Mchezoni

Kiswahili ni lugha karimu, lakini kuna mahali kimekuwa bahili, na nashuku kuwa ni kwa makusudi. Kile kinachoigizwa jukwaani mbele ya hadhira kimekiita mchezo. Kabumbu inayosakatwa na watoto kwa mpira wa makaratasi ni mchezo. Bao linalochezwa na wazee chini ya mwembe ni mchezo, na zile vurumai za rangirangi ambazo vijana wetu huziendesha kwa vidole kwenye kioo cha televisheni, nazo pia ni mchezo. Lugha nyingine zimetenga maneno mawili matatu kwa mambo hayo. Sisi tumeyafunga yote katika kanga moja, nami naona tulifanya vyema, kwa kuwa katika kila moja mna anayecheza na anayechezwa, na si rahisi wakati wote kumtambua nani ni nani.

Jambo hili limenishughulisha kwa miaka kadhaa hapa Kitengela ninakofundisha fasihi. Kwa wasioujua, mji wetu umelala kando ya barabara ya Namanga, kusini mwa Nairobi, katika uwanda ambao zamani si za kale ulikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai na mapito ya nyumbu na pundamilia. Leo ni mji wa maghorofa, vumbi na matatu, na ni nadra kupita mtaa usiwe na chumba chenye televisheni tatu nne, mabenchi, na vijana waliozificha sweta za shule ndani ya mikoba. Humo hulipia mchezo mmoja mmoja. Sisi walimu tumezoea kuvilaani vyumba hivyo, nami sina nia ya kuvisifu, maana vimemeza saa nyingi zilizokuwa haki ya vitabu. Hata hivyo, laana haijapata kutueleza vijana huona nini humo ndani.

Wengi wao, msomaji mpendwa, huona kandanda tu. Kandanda ya kiooni haina fumbo kubwa: unafunga, unafungwa, unatoa shilingi nyingine. Lakini wapo wachache ambao hukutana na kitu ambacho mwalimu yeyote wa fasihi angekubali kulipa nauli akakione, nacho ni mhusika anayejua kwamba yeye ni mhusika.

Acheni nitoe mifano miwili. Mwaka 1998 Wajapani walitoa mchezo uitwao Metal Gear Solid kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Ndani yake mna adui mmoja, Psycho Mantis, anayejigamba kwamba anaweza kusoma mawazo. Halafu anafanya hivyo kweli, lakini hayasomi mawazo ya shujaa aliye naye mle kiooni, bali yako wewe uliyeketi kwenye benchi. Anapekua kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa katika mashine yako na kukutajia michezo mingine uliyopata kuicheza. Anakwambia ukiweke sakafuni kile kifaa cha kuchezea, ambacho vijana wetu hukiita padi, kisha anakitikisa hadi kinatembea chenyewe. Na mnapopambana anakwepa kila pigo, maana anaujua mkono wako kabla haujabonyeza. Njia iliyo wazi ya kumshinda ni kuichomoa padi na kuichomeka katika tundu la pili. Fikiri hilo kidogo: ili mambo ya ndani ya hadithi yaendelee, yakupasa uinuke ufanye kitendo nje ya hadithi.

Mfano wa pili ndio unaoniuma. Mwaka 2015 Mmarekani aitwaye Toby Fox alitoa mchezo uitwao Undertale. Humo mtoto wa binadamu anatumbukia katika nchi ya mazimwi iliyo chini ya ardhi, na wa kwanza kumpokea kwa wema ni jimama lenye pembe, Toriel, linalomlisha, kumlaza na kumsihi asiondoke. Mchezaji anaweza kumwua au kumwachilia. Wengi humwua, kwa kuwa michezo imewafundisha kwamba aliye mbele yako ni wa kupigwa. Wakishaona uchungu walioutenda hufanya lile ambalo maishani halifanyiki: huirudisha hadithi nyuma, wakamwacha hai, wakaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Hapo ndipo ua moja lenye uso wa mtu, Flowey kwa jina, linapowachekelea. Linawaambia kwamba linajua. Linajua walimwua, kisha wakarudi kwa kuwa moyo uliwasuta.

Mwanafunzi mmoja aliyenisimulia kisa hicho, kijana wa makamo ya miaka kumi na sita, mtundu wa kutosha, alininong'oneza hivi: "Mwalimu, niliizima mashine nikaenda nyumbani." Sijapata kumwona mwanafunzi akikifunga kitabu kwa sababu hiyo.

Najua litakalosemwa katika chumba cha walimu. Litasemwa kwamba hizo ni hila za wageni, tena mpya, zisizo na asili katika fasihi yetu. Kuhusu upya, hoja hiyo haisimami. Cervantes wa Uhispania alipochapisha sehemu ya pili ya Don Quixote mwaka 1615, aliwajaza humo watu waliokwisha kuisoma sehemu ya kwanza, na mzee yule akawa anazunguka nchini akijua kwamba ameandikwa. Miguel de Unamuno, naye Mhispania, katika riwaya yake Niebla ya mwaka 1914, alimfanya mhusika wake Augusto afunge safari hadi Salamanca kumwona mwandishi. Akaambiwa kwamba yeye ni ndoto tu na hana budi kufa. Augusto akamjibu kwamba mwandishi naye atakufa, pamoja na wote watakaokisoma kisa chake. Jibu hilo lina zaidi ya miaka mia na bado halijapata mpinzani.

Kuhusu ugeni, ningependa tukae kidogo. Bibi zetu walipokuwa wakitamba ngano hawakuanza mpaka waseme "Paukwa!" na sisi tuitikie "Pakawa!" Mwito ule ulikuwa mkataba, ambao kwao hadhira ilikiri kwamba inaingia kwa hiari mahali pasipo pa kweli, na kwamba isipoitika hakuna hadithi. Fanani hodari hakuona haya kuutia mkono wake nje ya ngano, akamtaja mtoto asinziaye hapo jikoni kuwa ndiye sungura mvivu, na mtoto akazinduka akijikuta yumo. Sijui ni ua gani la Kimarekani linaloweza kumfundisha bibi huyo kazi.

Na kama bibi hatoshi, kuna Ebrahim Hussein. Tamthilia yake Mashetani, iliyochapishwa mwaka 1971, inafunguliwa na Shetani na Binadamu wakikabiliana, na msomaji huwasadiki kabisa. Baadaye kidogo tunatambua kwamba hao ni wanafunzi wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru, waliokuwa wakicheza. Tunao basi watu wa kubuni ambao wanajua wamo mchezoni, na mchezo wenyewe umo ndani ya mchezo mkubwa zaidi ambao hawaujui. Juma anatoka katika ukoo uliopoteza mali na hadhi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Kitaru ni wa wale walioanza kunawiri. Wanapogawana nafasi za Shetani na Binadamu wanadhani wanajifurahisha tu. Lakini mchezo haukubali kubaki pale walipouacha. Kitaru anaingiwa na maradhi ya mawazo ambayo wazazi wake, pamoja na ukwasi wao, hawayaelewi. Hussein alikuwa akiuliza swali lile lile miaka arobaini na minne kabla ya Undertale, nalo ni hili: je, mtu akishajua kwamba amepewa nafasi ya kucheza, na kwamba nafasi hiyo si yeye aliyeiandika, ataweza tena kuicheza kwa moyo mkunjufu?

Watu wa jukwaani wana istilahi yao kwa jambo hili. Husema kwamba jukwaa lina kuta tatu za kweli, nyuma na pande mbili, na wa nne ni wa kudhania, ule unaosimama kati ya waigizaji na hadhira. Mhusika anapotugeukia na kusema nasi, husemwa kwamba ameuvunja ukuta wa nne. Wanafunzi wa kwingineko hulazimika kulikariri wazo hilo. Wa Kitengela nawaelekeza dirishani. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ua pande tatu. Upande wa kusini, unaotuelekea sisi, umeachwa wazi, mpaka wake ukiwa ni mto wa Mbagathi. Wanyama wana kuta tatu, na wa nne ni wa kudhania. Mtalii aliyelipa kiingilio humtazama simba kama atazamavyo filamu, lakini mfugaji wa huku husikia mbwa wakibweka usiku na kujua kwamba filamu imeingia zizini. Mwezi Juni mwaka 2012 simba sita waliuawa hapa Kitengela kwa kushambulia mifugo. Kwa hiyo sipendi ukuta wa nne ufundishwe kama mzaha. Unapovunjika, kuna atakayelipa.

Yatupasa pia tusidanganyike. Psycho Mantis hajui lolote, na Flowey naye ni hesabu tupu: mtunzi aliiagiza mashine itunze kumbukumbu fulani, nayo ikaitunza. Siku hizi zipo programu zinazotunga maneno zenyewe, na vijana huniuliza iwapo hizo zinajua. Hunijia pia na habari za wanafalsafa, kama Nick Bostrom, aliyekuwa Oxford alipoandika mwaka 2003, wanaohoji kwamba huenda dunia nzima ni mwigo ndani ya kompyuta ya watu wengine. Mimi mjadala huo haunikoleshi. Ikiwa sote tumo kiooni, bado karo hulipwa muhula ukianza. Kinachonivutia ni kwamba mhusika anaposema "najua", anayebadilika si yeye. Ni mimi. Nilikuwa mtazamaji, sasa nimefanywa mshitakiwa. Nilikuwa nikiihesabu maiti kama alama, sasa naulizwa kwa nini niliua.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya somo letu. Tumewazoesha wanafunzi kuwaendea wahusika kama fundi aendeavyo vipuri: jina, sifa tano, umuhimu, mfano kutoka kitabuni, alama kumi. Ni kazi inayosahihishika upesi, na mitihani inaitaka, nami siwalaumu wenzangu wenye madaftari mia mbili mezani. Lakini mwanafunzi aliyefunzwa hivyo hajapata kuulizwa mhusika huyu anajua nini kuhusu hali yake, nani aliyemwandikia maneno anayoyasema, na kwa nini hasemi mengine. Na hayo si maswali ya vitabuni tu.

Mwezi Aprili mwaka 2025 sote tuliona hilo Nakuru, katika Tamasha ya Kitaifa ya Drama. Shule ya Wasichana ya Butere ilikuwa na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, unaohusu vijana na watawala wao katika ufalme wa kubuni. Mchezo ulikuwa umezuiwa, mahakama ikaamuru uruhusiwe, na nje ya ukumbi polisi wakafyatua vitoa machozi. Wasichana walipofika jukwaani hawakuuigiza. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Waliokuja kutazama ufalme wa kubuni wakaachwa wanatazama nchi yao wenyewe. Mtu anaweza kubishana juu ya mtunzi, siasa zake na haja zake. Hayo yalibishaniwa vya kutosha magazetini. Mimi nilikuwa nikiwafikiria mabinti waliokariri maneno ya mwingine kwa miezi, kisha siku ile wakajua barabara wamo katika mchezo gani, na nani alikuwa ameshika padi.

Muhula uliofuata niliwapa kidato cha tatu zoezi lisilo na mwongozo wa kusahihishia. Tulikuwa tukiisoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na nikawaambia wamchague mhusika mmoja, wamfanye ajue kwamba yumo tamthiliani, kisha amwandikie mtunzi barua. Wengi walimchagua Yona, mume mlevi. Katika barua nyingine aliomba msamaha, katika nyingine alitaka apewe onyesho moja zaidi la kutubu, na mmoja alidai sehemu ya fedha za mauzo ya kitabu, jambo lililonichekesha hata nikaisoma kwa sauti darasani.

Msichana mmoja anayeketi nyuma, asiyesema sana, aliandika mistari minne tu. Yona wake alisema amegundua kwamba kila darasa nchini humfungua ili limwone amelewa, na kwamba walimu huwauliza watoto sifa zake na watoto huanza na hiyo. Basi leo, akasema, ameamua kuketi kitako bila kulewa na bila kuzungumza, na atakayemfungua amkute hivyo. Mkuu wa idara alisema mistari minne si insha na tumpe sifuri, kwa kuwa barua haina hata anwani. Mwalimu mwingine alitaka apewe alama zote. Tumebishana kuanzia chai ya saa nne hadi kengele ya chakula, na daftari lile bado limo mkobani mwangu, halijaandikwa kitu kwa wino mwekundu.