Kutua Bila Injini: Kosa Huanzia Juu

Nahodha wa ngalawa arejeaye Msambweni wakati wa kusi hangoji mwamba uwe chini ya chombo chake ndipo autafute mlango. Huutazama angali mbali, akapima upepo na mkondo, kisha akaamua. Hata akikosea, huenda akapata nafasi ya kugeuza tanga na kujaribu tena. Rubani wa eropleni isiyo na injini hana bahati hiyo.

Eropleni ya namna hii huvutwa na nyingine kwa kamba, kisha hufunguliwa, ikaelea kwa hewa ya moto ipandayo, kama afanyavyo tai. Nchini Kenya mchezo huo umefanywa Mweiga, karibu na Nyeri. Rubani wa eropleni ya kawaida, aonapo kutua kwake kumeharibika, huongeza nguvu ya injini akapaa tena. Huyu hana cha kuongeza. Hutua mara moja tu.

Kosa la kwanza ni kuchelewa kuamua. Rubani hufuata hewa mbali na kiwanja, akarudi akiwa chini mno. La pili huzaliwa na la kwanza: kwa kuiogopa ardhi, huinua pua ya eropleni na kulazimisha kona kwa usukani wa mkia. Mwendo hupungua, bawa moja hupoteza nguvu ya kubeba, na eropleni huzunguka ikaanguka. La tatu ni kusahau kwamba upepo wa chini ni dhaifu kuliko wa juu, hasa penye miti mirefu kama minazi ya Diani. Eropleni ishukayo kuukabili upepo mkali hupungukiwa mwendo ghafula. Kwa hiyo rubani mwangalifu huongeza mwendo kidogo tangu mapema.

Usiku wa tarehe 9 Julai 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipeleka zaidi ya eropleni 140 za namna hii kisiwani Sicily. Upepo ulikuwa mkali, na nyingi zilifunguliwa mbali mno na pwani. Zaidi ya 60 zilianguka baharini, na askari zaidi ya 200 wakazama. Ustadi wa kutua haukuweza kuwaokoa, maana nchi kavu ilikuwa mbali kuliko kimo chao kilivyoruhusu.

Watu wa Ukunda na Diani, waliowaona wageni wakishuka ufukweni kwa miavuli, na wajue kwamba sheria ni ile ile. Mwavuli wa siku hizi ni bawa la kitambaa, na mwenye kuushika ndiye rubani. Akiuvuta kwa nguvu upande mmoja karibu na ardhi, humtupa chini kwa kasi. Wengi duniani wamekufa chini ya miavuli iliyofunguka vizuri.

Mabaharia husema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Apaaye bila injini ana hakika ya kurudi chini. Basi na achague mahali pa kutua angali ana kimo cha kuchagua.