Viashiria vya Seli Shina za Misuli na Uponaji wa Majeraha Makubwa ya Mguu: Mtazamo kutoka Kabalagala, Kampala

Majeruhi wa bodaboda katika Barabara ya Ggaba, pale Kabalagala, akifikishwa hospitalini na muundi uliovunjika na kupasua ngozi, macho ya wengi huelekea kwenye mfupa. Makala haya yanadai kuwa hatima ya mguu huo huamuliwa vilevile na msuli, hususan na seli zake shina.

Seli hizo, ziitwazo seli setilaiti, zilielezwa na Alexander Mauro mwaka 1961. Hukaa kati ya uzi wa msuli na utando wa msingi unaouzunguka. Zikiwa zimetulia, hutambuliwa kwa protini ya Pax7. Msuli ukijeruhiwa huamka, hujigawa na kutoa MyoD. Zinapokaribia kuunda nyuzi mpya, Pax7 hufifia na mayojenini hujitokeza. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa seli zenye Pax7 zikiondolewa, msuli haujijengi upya.

Hata hivyo, wingi wa Pax7 si ushahidi wa kupona. Seli hizi hujenga kwa kufuata utando wa msingi, nao ndio kiunzi chao. Pande la msuli likinyofoka, au daktari akilikata kwa kuwa limekufa, kiunzi hutoweka pamoja nalo. Nafasi hiyo hujazwa kovu na mafuta, kazi inayohusishwa na seli nyingine zenye kiashiria cha PDGFRα. Sampuli ya ukingoni mwa jeraha yaweza kuwa na Pax7 tele ilhali katikati hamna msuli.

Kwa Kampala, suala kuu ni muda. Msuli uliokosa damu kwa takriban saa sita huharibika kwa kiasi kikubwa pasipo kurekebishika. Majeruhi aliyepitia zahanati, akafungwa bendeji ya kubana, kisha akavuka jiji hadi Mulago, huwa ametumia sehemu ya saa hizo. Kusafisha jeraha na kupasua mapema ala ya misuli iliyovimba huokoa seli shina, ingawa hakuna anayezitaja katika chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo utafiti wa viashiria utakaofanyika hapa sharti uandike saa ya ajali, saa damu iliporejea na mahali hasa sampuli ilipotolewa. Aidha, upime nguvu ya kunyanyua wayo, kwani mwendesha bodaboda hubadilisha gia kwa mguu.