Daftari la mkopo la mwalimu si kitabu cha umma

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii yatufaa sana sisi walimu na wanafunzi wa Migori na Homa Bay wakati huu ambapo watu tusiowajua huyafungua madaftari yetu ya mikopo, wakaisoma historia yetu ya kukopa na kulipa, ilhali hatujawaomba hata senti moja.

Yafaa kwanza tuelewane daftari lenyewe ni lipi. Kanuni za kuanzisha mashirika ya taarifa za mikopo, ambayo wengi tumezoea kuyaita CRB, zilitolewa mwaka 2008, na shirika la kwanza likapewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2010. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2013 na tena mwaka 2020. Benki hupeleka huko habari za wateja wao, wema na wabaya. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, nayo huwapeleka huko walioshindwa kuilipa. Kwa hivyo kijana aliyehitimu Rongo au Chuo Kikuu cha Tom Mboya huenda akawa na doa katika daftari hata kabla hajapata mshahara wake wa kwanza.

Wengi wetu tunapoitazama ripoti hiyo hukimbilia kuangalia deni. Aghalabu hatuisomi sehemu ya maulizo, yaani orodha ya wote walioomba kutuchunguza na tarehe walizofanya hivyo. Sehemu hiyo ina uzito wake. Mkopeshaji akiona kwamba watu watano wamekuuliza katika mwezi mmoja, hudhani kuwa unahangaika huku na huko ukitafuta fedha, na kwamba huenda wote wamekunyima. Ulizo usilolijua pia laweza kuwa dalili kwamba kitambulisho chako kinatumiwa na mwingine.

Mwalimu mmoja wa sehemu za Awendo, ambaye jina lake nitalihifadhi, alinijia na ripoti yake akiwa amekunja uso. Alikuwa ameomba mkopo ili amlipie bintiye karo ya chuo, akatakiwa aeleze ni kwa nini wakopeshaji watano walikuwa wameuliza habari zake katika muda wa majuma matatu. Yeye alimtambua mmoja tu, benki inayopitisha mshahara wake. Tulipoketi na kukumbushana, ilidhihirika kwamba wakala fulani alikuwa amefika katika chumba cha walimu, akakusanya nakala za vitambulisho na hati za mishahara, akisema anataka tu kuangalia ni nani anayestahili. Hakuna aliyemwuliza nakala hizo zingepelekwa wapi.

Tuliandika barua nne. Wakopeshaji wawili walikubali kwamba hawakuwa na ombi lolote kutoka kwake, na maulizo yao yakaondolewa. Wa tatu alileta fomu yenye sahihi ambayo mwalimu aliikana katakata. Wa nne hajajibu hadi leo. Mkopo ulitoka, lakini binti alikuwa tayari amechelewa chuoni kwa mwezi mzima. Ni nani atakayemlipa mwezi huo?

Watakuwapo watakaosema kwamba mkopeshaji ana haki ya kumjua anayemkopesha. Hilo ni kweli, wala silipingi. Fedha zinazokopeshwa ni za watu walioweka akiba. Ukiomba mkopo na kutia sahihi, usilalamike unapochunguzwa. Ulizo la namna hiyo ni halali, na kulipinga ni kupoteza wakati. Ninalolipinga ni kumchunguza mtu asiyeomba chochote, kama mfanyabiashara anayepekua mifuko ya wapita njia ili ajue ni nani wa kumwita dukani.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda faragha ya kila mtu, na kifungu cha 35 chatoa haki ya kusahihishwa au kufutwa kwa habari za uongo au za kupotosha zinazomdhuru mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka habari za mtu zichukuliwe kwa lengo bayana na halali, nayo yampa haki ya kujua zinatumiwaje. Si sheria ya makaratasi tu. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikikopesha kupitia simu, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kuyatumia majina na nambari za simu za watu kinyume cha sheria. Huko Marekani nako, tangu sheria ya mwaka 1970, hakuna aruhusiwaye kupewa ripoti ya mtu bila sababu inayotambuliwa kisheria.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila mmoja aichukue ripoti yake. Kanuni zampa haki ya kuipata mara moja kwa mwaka bila malipo. Pili, aisome sehemu ya maulizo jina kwa jina, atie alama asilolitambua. Tatu, aliandikie shirika lililotoa ripoti na mkopeshaji husika, adai aonyeshwe idhini yake iliyotiwa sahihi, na kama haipo, ulizo lifutwe. Aweke nakala na tarehe ya kila barua. Akipuuzwa, apeleke malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria yamtaka kuyamaliza katika muda wa siku 90.

Fauka ya hayo, wakuu wa shule wawazuie mawakala kukusanya nakala za vitambulisho katika vyumba vya walimu. Mashirika ya mikopo nayo yamtumie mtu ujumbe wa simu kila daftari lake linapofunguliwa. Ikiwa M-Pesa huweza kutuarifu mara tu shilingi kumi zinapotoka, hapana sababu ya habari zetu kutoka kimyakimya.

Walimu wenzangu, sisi ndio tunaowafundisha watoto kusoma kwa makini kabla ya kujibu swali. Tuanze na fomu zinazoletwa mbele yetu, tusiache nakala ya kitambulisho mikononi mwa mtu asiyetueleza anaitakia nini.