Je, Wajua? Mfumo Endeshi Hauhami kwa Kunakili Faili Tu

Kunakili faili zote za diski ya zamani na kuzibandika kwenye diski mpya hakutoshi kuifanya kompyuta iwake kutoka diski hiyo. Picha, nyaraka na muziki huhama hivyo bila taabu. Mfumo endeshi hukataa. Maelekezo ya kuuwasha hayakai miongoni mwa faili anazoziona mtumiaji. Katika kompyuta za zamani yamo kwenye sekta ya mwanzo kabisa ya diski, iitwayo MBR, yenye baiti 512 tu, na 64 kati ya hizo ni jedwali la jinsi diski ilivyogawanywa. Kompyuta za kisasa zenye mfumo wa kuwashia wa UEFI huyaweka katika sehemu ndogo iliyofichwa.

Ndiyo maana mafundi hutumia programu za kunakili diski nzima, kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. Diski mpya yaweza hata kuwa ndogo kuliko ya zamani, mradi data zilizopo zienee na sehemu kubwa zipunguzwe kwanza. Ikizidi takriban terabaiti 2, jedwali la zamani la MBR haliifikii yote, na huhitajika jedwali jipya zaidi la GPT.

Mtego huja baadaye: diski zote mbili hubeba utambulisho uleule. Windows ikiziona pamoja huiweka mojawapo kando, na Linux, ambayo kwa kawaida hutafuta sehemu zake kwa UUID, yaani utambulisho wa kila sehemu, yaweza kufungua ya zamani bila mtumiaji kugundua. Kwa hiyo diski ya zamani huchomolewa kabla mpya haijawashwa mara ya kwanza.