Katonga, Mtaa Unaofuata Mwezi

Katonga ni mtaa wa wavuvi ulio kiasi cha kilomita tano kusini-magharibi ya mji wa Kigoma, kata ya Bangwe, pale ufuko wa Ziwa Tanganyika unapojikunja baada ya ghuba ya bandari. Kwenye karatasi ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Kwa macho ni mwalo, yaani ufuko wa mchanga uliojaa mitumbwi ya mbao kwa mamia, na nyumba zilizobanana nyuma yake. Katika miji mingi watu wa pembezoni huamka na kuelekea katikati ya mji kutafuta riziki. Hapa mambo ni kinyume. Asubuhi mji ndio unaoifuata Katonga: wachuuzi wenye mabeseni na ndoo, vijana wa bodaboda, mama lishe na wenye magunia matupu hushuka kwenye daladala mwaloni, kwa sababu mzigo uko huko.

Mji wenyewe haukukua kutoka kitovu kimoja. Ujiji ndio wa kale. Katika karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, kituo cha pembe za ndovu na watumwa waliovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858, na Stanley akamkuta Livingstone huko Novemba 1871. Katika miaka ya 1880 mwenye nguvu Ujiji alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza. Wenyeji Wajiji, ambao ni tawi la Waha, walichanganyika na watu wa pwani, Waarabu, na watu wengi waliotoka magharibi ya ziwa wakiwa mateka au wapagazi. Hao wa mwisho, wa asili mbalimbali, hatimaye walijitwalia jina moja la Wamanyema, na kizazi baada ya kizazi wakawa ndio sura ya Ujiji: Waislamu, wasemaji wa Kiswahili, watu wa mjini. Kiswahili kilivuka ziwa kwenda Kongo kwa njia hiyohiyo ya misafara, ndiyo maana mtu wa Uvira au Kalemie akishuka Kigoma hahitaji mkalimani, ingawa lafudhi humfichua kabla hajamaliza salamu.

Kigoma ni mtoto wa reli. Wajerumani walikifikisha kichwa cha Reli ya Kati hapo mwaka 1914, baada ya zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa ghuba yake ina kina cha kutosha kwa meli kubwa, jambo ambalo ufuko wa Ujiji haukuwa nalo. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kati ya Ujiji na bandari ndipo zilipojaa Mwanga, Gungu, Katubuka na mitaa mingine, hata leo mgeni anayepita Barabara ya Lumumba kutoka stesheni hadi soko la Mwanga, kisha akaendelea hadi Ujiji, haoni mahali mji mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Wakazi wanaona. Mtu wa Ujiji akienda benki au bandarini husema anakwenda Kigoma, kana kwamba anasafiri.

Sensa ya 2002 ilihesabu watu 144,852 katika manispaa hii, ya 2012 ikahesabu 215,458, na ya 2022 ikahesabu 232,388. Tarakimu hizo zinaweza kumdanganya msomaji akadhani mji umechoka kukua. Sehemu ya ukuaji imeruka tu mpaka. Viwanja ndani ya manispaa vimebanwa na ziwa upande mmoja na vilima upande mwingine, kwa hiyo wanaojenga husogea nje, Mwandiga na mbele yake kando ya barabara ya Kasulu, ambako wanahesabiwa katika halmashauri nyingine ingawa kazi, shule na soko lao viko mjini.

Kinachoipa Katonga mwenendo wake ni dagaa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa, lakini chini ya mita 200 hivi maji hayana hewa ya oksijeni na samaki hawaishi. Uhai wote, na uchumi wote, uko katika tabaka la juu. Humo hutembea makundi ya dagaa na lumbu, na nyuma yao migebuka wanaowawinda. Dagaa hukimbilia mwanga usiku, na mwanga wa binadamu huwavuta pale tu ambapo giza ni la kutosha. Mbalamwezi ikijaa, taa haina kazi. Kwa hiyo mwezi wa Katonga hugawanyika mara mbili: siku za giza, ambazo ni za kazi, na siku za mbalamwezi, ambazo chombo hukaa nchi kavu. Mwalimu na karani wa Kigoma hungojea tarehe ya mshahara. Katonga hungojea giza, na mwenye duka anayekopesha unga huko lazima ajue zaidi kuhesabu siku za mwezi angani kuliko za kalenda ya ukutani.

Zamani wavuvi waliwasha kuni kwenye mitumbwi na kuwachota dagaa kwa wavu wa mpini uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 iliingia kipe: mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa magogo, na wavu mpana wa pembe nne unaoshushwa katikati. Karabai ziliangaza kwa miongo mingi; sasa nyingi zimezipisha taa za betri na sola, ambazo hazili mafuta ya taa na hazizimwi na upepo. Watu wanne hadi sita hutoka jioni, hushusha wavu, huwasha taa na kungoja. Kungoja ndiko sehemu ndefu ya kazi. Dagaa wakishakusanyika, taa hupunguzwa ili kundi lijibane, kisha wavu huvutwa kwa pamoja bila kelele. Usiku wa giza, kutoka kilimani Kigoma, taa hizo huonekana zimejipanga majini, na asiyejua hudhani anatazama mji wa ng'ambo.

Vyombo hurudi asubuhi, na saa mbili hivi mwalo unakuwa umeshachemka. Mgawo wa mapato una kanuni inayojulikana na kila mtu na kulalamikiwa na wengi: kwanza hutolewa gharama za mafuta, chakula na matengenezo, kisha mwenye chombo huchukua sehemu yake, ambayo ni kubwa, na wavuvi hugawana kinachobaki. Usiku mbaya hugawana deni. Kijana anaweza kuvua miaka kumi bila kumiliki hata taa moja, huku mwenye kipe mbili tatu akiwa hajalowana miguu tangu azinunue. Ni mpangilio mgumu, lakini ndio unaomwezesha kijana aliyetoka Kasulu au Buhigwe bila mtaji kupata kazi siku anayofika.

Dagaa wakifika mchangani huwa mali ya wanawake. Wao ndio wanaonunua kwa beseni, ndoo au kreti, wanaotandaza, wanaogeuza, na wanaofukuza kunguru. Jua kali huwakausha dagaa kwa siku moja. Njia ya kawaida ni kuwamwaga juu ya mchanga uliofagiliwa. Njia bora ni kichanja cha waya au wavu kilichoinuliwa, kinachopitisha hewa chini na kuwaacha dagaa bila mchanga. Mpishi yeyote aliyewahi kuosha dagaa maji matatu na bado akasikia mchanga menoni anaelewa kwa nini dagaa wa kichanja wana bei. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), kupitia mradi wake wa FISH4ACP, ni miongoni mwa waliohimiza vichanja na ukaushaji bora. Tatizo halijawahi kuwa elimu pekee. Kichanja kinataka mtaji na nafasi, na masika yanapofika, mvua ya ghafla saa nane mchana huharibu mali ya aliye na kichanja na asiye nacho.

Dagaa wakavu hufungwa magunia na kusafiri kwa lori au reli hadi Dar es Salaam, ambako jina "dagaa wa Kigoma" lenyewe linatosha kupandisha bei, na wengine huvuka kwenda Kongo. Mtaji wa biashara hii mara nyingi hautoki benki. Hutoka kwenye mchezo, yaani upatu, na kwenye vikoba, ambavyo wanawake wa mwaloni huvipanga kwa kufuata giza: hakuna anayedai mchango katikati ya mbalamwezi.

Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kwa miezi mitatu, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolimiliki pamoja nayo: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Sababu ilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaana. Kwa mji wenye shughuli nyingi, miezi mitatu si kitu. Kwa Katonga ilikuwa kama mbalamwezi ya siku tisini. Wapo waliorudi vijijini kulima, na bodaboda wa njia ya Bangwe, ambao wao wenyewe hawakuwahi kuvua, walikosa abiria. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2020, ziwa lilikuwa limepanda na kumeza kingo zake, mialo ya Katonga na Kibirizi ikiwemo, hata sehemu za kuanikia zikasogezwa juu, karibu na milango ya nyumba.

Nyumba nyingi za huku ni za tofali za udongo au za kuchoma zenye bati, na vyumba vinavyopangishwa kimoja kimoja. Vyumba vya wavuvi hujaa watu wa chombo kimoja, ambao hulala mchana. Mgeni anayepiga muziki mkubwa saa nne asubuhi hukumbushwa haraka kwamba huo ni usiku wa wenzake. Chakula ni ugali wa muhogo, au wa muhogo uliochanganywa na mahindi, kwa migebuka au dagaa waliopikwa kwa mawese, na sombe, ambayo kwingine nchini huitwa kisamvu. Mawese hutoka kwenye michikichi inayoanzia vilimani nyuma ya mji, na kokwa zake hutoa mafuta ya mise. Familia nyingi zilizohamia mjini bado zina shamba la muhogo au maharage mahali fulani, na mtoto anayelala Mwanga akiulizwa kwao hutaja kijiji cha Kasulu.

Salamu hufuata anayesalimiwa. Mzee hupewa shikamoo; Muha aliyetoka vijijini hupata "mwakeye" asubuhi na hujibu kwa furaha ya mtu aliyekumbukwa. Wabembe, Warundi na Wakongo ni majirani wa kawaida, na vitenge vya Kongo vimekuwa vazi la harusi na la msibani kwa kila kabila. Ziwa limeleta pia wanaokimbia. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha mpakani, na kipindupindu kikazuka. Liemba iliwabeba hadi Kigoma, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuzwa mahali pa kuwapokea kabla ya kupelekwa makambini. Wazee wa mji waliyapima hayo kwa mawimbi ya wakimbizi waliyoyaona mwaka 1972 na 1996.

Harusi, maulidi na ujenzi Katonga huwekwa siku za mbalamwezi, wakati wanaume wapo, ingawa fedha zilipatikana siku za giza. Msiba hauchagui, na ukitokea katikati ya giza, wanawake hubeba sehemu kubwa ya kupokea wageni na kupika, huku michango ya waliokwenda majini ikiletwa asubuhi. Siku hizohizo za mwanga nyavu hushonwa chini ya miembe, na mitumbwi hupakwa lami au kupelekwa kwa mafundi wa Ujiji, ambao bado huunda vyombo vya mbao kwa mkono kwenye ufuko wao.

Mji unaendelea kulifikia ziwa kwa njia mpya. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, na lami imeshaunganisha mji na Kasulu. Bei ya kiwanja Bangwe imepanda, na nyumba za ghorofa zenye madirisha ya kutazama maji zimeanza kujengwa juu ya miamba inayoitenganisha Bangwe na Katonga. Baadhi ya wenye nyumba hizo hulalamikia harufu. Chini yao, jioni ya giza la kwanza, betri zilizochajiwa mchana hubebwa begani hadi majini, na duka la mwaloni hufungua tena daftari la mikopo.