Si Kila Aliyelazwa ICU Alitoka kwa Jeneza

Katikati ya mwaka 2021, korona ilipopamba moto Gusii, neno ICU lilitamkwa kwa sauti ya chini. Kuambiwa kwamba fulani amepelekwa huko ilikuwa sawa na kuambiwa uanze kutafuta mchango wa mazishi. Wapo waliodai waziwazi kuwa mashine ya kupumulia ndiyo iliyokuwa ikiua watu. Kwa sababu hiyo waliwaweka wagonjwa wao nyumbani, wakawafukiza kwa mvuke wa majani ya mkaratusi na mwarobaini, hadi pumzi ikakaribia kukatika.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mnamo Juni 17, 2021 serikali ilizitaja kaunti 13 za magharibi mwa nchi na eneo la ziwa kuwa kitovu cha maambukizi, Kisii na Nyamira zikiwemo. Kafyu ikaanza saa moja jioni, na marehemu akatakiwa kuzikwa katika muda wa saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Kwa Mgusii, ambaye mazishi ya mzee huweza kukusanya kata nzima, hilo lilikuwa pigo juu ya pigo. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 18, 2020, Gavana wa Nyamira John Nyagarama alikuwa amefariki katika Hospitali ya Nairobi alikokuwa akitibiwa. Watu wakajiuliza: ikiwa gavana hakupona, sembuse mchuma majani chai wa Borabu?

Lakini hebu tutazame takwimu. Uchunguzi mkubwa kuhusu jambo hili barani Afrika ulifanywa mwaka 2020 katika hospitali 64 za nchi 10, Kenya ikiwa mojawapo, na matokeo yake yakachapishwa Mei 2021 katika jarida la Lancet. Kati ya wagonjwa mahututi 3,077 waliofuatiliwa kwa siku 30, waliofariki ni 1,483. Hiyo ni asilimia 48, ilhali wastani wa dunia wakati huo ulikuwa kama asilimia 31. Ni idadi ya kutisha, tena hospitali nyingi kati ya hizo ni zile kubwa zenye vifaa kuliko za wilayani. Hata hivyo, zaidi ya nusu walikuwa hai siku 30 zilipokwisha. Hao hawakupigiwa matanga, na labda ndiyo maana hawazungumzwi sana.

Mbona basi Mwafrika alikufa zaidi? Watafiti hawakuilaumu mashine. Walikuta kwamba takriban nusu tu ya wagonjwa walioombewa nafasi ya ICU ndio waliopokewa. Wenye kisukari, ugonjwa wa figo au virusi vya Ukimwi walikuwa katika hatari zaidi, na vilevile waliofika viungo vikiwa vimeanza kushindwa kazi. Waliohitaji kusafishwa damu walikuwa wengi kuliko waliosafishwa.

Hapa Kenya, hesabu iliyofanywa na wataalamu mwaka 2020 ilionyesha kuwa nchi nzima ilikuwa na vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kupumulia. Kaunti 22 tu kati ya 47 ndizo zilizokuwa na ICU hata moja. Ndiyo sababu ambulensi nyingi zilielekea Nairobi kupitia Sotik, Bomet na Narok, safari ya takriban kilomita 300. Mtu anayehema kama aliyekimbizwa na simba haifai kusafirishwa mwendo huo bila oksijeni ya kutosha, lakini jamaa wangefanya nini?

Jambo linalomgusa mwandishi wa makala haya zaidi ni kwamba baadhi ya tiba zilizosaidia si za mabilioni. Mojawapo ni kumlaza mgonjwa kifudifudi kwa saa nyingi ili sehemu ya nyuma ya mapafu ipate hewa. Katika uchunguzi ule wa Afrika, karibu mgonjwa mmoja tu kati ya sita alilazwa hivyo. Tusiwe wepesi wa kulaumu, kwani kumgeuza mtu aliye na mrija kooni huhitaji wauguzi kadhaa kwa pamoja, na zamu za usiku twazijua zilivyo.

Nyingine ni deksamethasoni, dawa ya bei nafuu ambayo imekuwa hospitalini kwa miongo mingi. Juni 2020, watafiti wa Uingereza walitangaza kuwa ilipunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuwa na faida yoyote, kwa hivyo wale waliokimbilia kuinunua dukani na kujinywea walijidanganya.

Ukimtazama mgonjwa wa nimonia leo, iwe ya korona au nyingine, usisubiri azimie. Midomo ikigeuka rangi, akishindwa kumaliza sentensi bila kutweta, au akianza kuchanganyikiwa, huo ndio wakati wa kumpeleka hospitali, hata ikiwa ni usiku na boda boda ameongeza nauli. Oksijeni ikipatikana mapema, wengi hawafiki kwenye mashine kabisa.

Na aliyetoka ICU je? Misuli hunyauka upesi mno kitandani. Katika siku 10 paja laweza kupoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya unene wake. Basi mzee akirudi nyumbani akashindwa kupanda kilima kutoka barabarani, msiseme amerogwa wala anadeka. Wengine huota ndoto za kutisha, wengine husahau majina ya wajukuu kwa muda. Mpeni mayai, maharagwe na maziwa, mtembezeni hadi mlangoni, kesho yake hadi kwenye migomba, na tarehe ya kurudi kliniki msiikose.